Ukumbi wa chakula kwenye meli za kitalii: niwapeleke wazazi kwenye ipi? (Ulinganisho)

Dada_wa_Ngamiani (Houston)

Salaam wanajukwaa. Wazazi wangu wanakuja kutoka Tanga Desemba, na mwaka huu wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Sisi watoto tumechanga tuwapeleke safari ya siku 7 kwa meli ya kitalii kutoka bandari ya Galveston, Texas, na mimi nitakwenda nao. Viza zao ni za kuingia mara nyingi, hilo limekwisha. Kinachonikosesha usingizi ni chakula.

Baba ana kisukari, anachoma sindano na anakula kwa saa. Mama hali nyama isiyochinjwa kihalali, na kusimama foleni na sahani mkononi kwake ni kama kuomba chakula. Kwa hiyo bufe nimeiondoa kabisa. Nauliza kuhusu ukumbi wenyewe, ule wa kukaa mezani ukahudumiwa, ambao gharama yake imo ndani ya nauli. Galveston nimeona meli za kampuni za Carnival na Royal Caribbean. Rafiki yangu ananishauri tupande ndege hadi Florida tukachukue meli ya kampuni ya Celebrity. Mliokula huko nisaidieni: chakula kinafika kikiwa moto? Kina ladha? Mzee wa miaka 71 atakaa pale kwa raha?

Mjomba_Dallas

Hongera kwa kuwakumbuka wazee. Familia yangu imepanda Carnival mara 4, zote Galveston. Ya mwisho ilikuwa Carnival Jubilee, meli iliyoanza kazi hapo Desemba 2023. Ukumbini nimekula vizuri. Samaki wa kuoka walikuwa wazuri kila walipokuja, supu zilifika zikitoa moshi. Na usiache ile keki ya chokoleti ya moto ambayo ndani ni laini kama uji mzito. Ipo kila usiku na watu wengine hurudi Carnival kwa ajili yake tu. Mzee wa sukari ataionja kijiko kimoja, hapo utamsimamia wewe.

Ukiagiza chakula kikuu cha tatu kwa usiku mmoja utalipa dola 5. Walianza mwaka 2023. Viwili vya kwanza ni bure, na sijaona mzee wa kwetu anayemaliza vitatu.

Kwa mizani yangu, Carnival ladha yake imekolea, viungo vinasikika. Royal Caribbean nilipanda mara moja, ukumbi wao ni mzuri kuutazama kuliko wa Carnival, lakini chakula nilikiona kimepoa ladha. Wengine watanipinga.

Nuru_Toronto

Nakupinga, mjomba, kwa heshima. Nimepanda Royal mara 3 na Celebrity mara 2. Royal walibadilisha menyu ya ukumbini mwaka 2023: waliifupisha na kuipa kila usiku maudhui yake, leo Italia, kesho Ufaransa, keshokutwa Meksiko, ili watu wasikae mezani muda mrefu mno. Wengi walilalamika kwamba chaguo limepungua. Mimi naona huduma imekuwa ya haraka, na kwa mtu wa sindano hilo ni jambo kubwa kuliko kuwa na vyakula ishirini vya kuchagua.

Lakini ukiniuliza kula tu, Celebrity iko juu ya hizo mbili, na sababu ninaiona wazi. Meli zao za daraja la Edge hazina ukumbi mmoja mkubwa wa watu elfu na zaidi. Wameugawa kuwa kumbi 4, kila mmoja na jina lake: Normandie, Cosmopolitan, Tuscan na Cyprus. Menyu kubwa ni moja, ila kila ukumbi una vyakula vyake vichache vya ziada. Ukumbi ukiwa mdogo mhudumu hatembei mbali na chakula hakipoi njiani. Nilikula kondoo pale ambaye hadi leo namkumbuka.

Safari yangu ya kwanza kabisa, kampuni siitaji, tulipangiwa meza ya kona ya mwisho. Kuku alifika amepoa siku tatu mfululizo, na tulinyamaza tukidhani ndivyo meli zilivyo. Baadaye nikaja kujua kuwa tungesema tungeletewa mwingine bila ubishi.

Bahari_Kilindini (Mombasa)

Mwanangu, mimi nimefanya kazi jikoni kwenye meli hizi miaka 9, kwanza kuosha masufuria, mwisho kwenye meza ya samaki. Kampuni siitaji. Ngoja nikueleze chakula kinavyokwenda, halafu utajua uchague nini.

Jiko la meli kubwa halina moto wa gesi wala mkaa, kwa kuhofia moto baharini. Kila kitu ni umeme. Kwa hiyo usitarajie harufu ya mshikaki wa kuchomwa. Vyakula vinavyotoka vizuri pale ni vya oveni, vya mvuke na vya kuchemka taratibu: nyama iliyopikwa saa nyingi, samaki, supu, mchuzi. Steki ndiyo inayosumbua, maana ikae dakika mbili tatu chini ya mfuniko inaendelea kuiva. Wageni wanaagiza steki kila usiku kisha wanalaumu ukumbi. Mimi ningemwagizia mzee samaki.

Halafu hesabu. Hatupiki sahani moja moja kama hotelini. Mpishi mkuu anazo kumbukumbu za safari zilizopita, anajua usiku wa pili watu wangapi wataomba samaki na wangapi kuku, na chakula kinaanza kuandaliwa kabla hamjaketi. Ukiwa na awamu mbili za kula, ya mapema kama saa kumi na moja na nusu jioni na ya pili mnamo saa mbili usiku, jiko linapika kwa awamu. Mnaoketi mwanzo wa awamu mnakula kilichotoka sasa hivi. Wanaochelewa dakika 25 ndio wanaopata kilichosubiri.

Meza nayo ina maana. Mhudumu anabeba trei kubwa begani, sahani zimepandana na mifuniko yake, anatoka nayo jikoni hadi kwenye meza zake. Meza iliyo karibu na mlango wa jiko ina kelele, lakini chakula ni cha moto. Ya dirishani ina mandhari, na chakula kimesafiri. Siku ya kwanza mchana, mkishapanda tu, mtafute mkuu wa ukumbi umweleze baba ana sukari na anahitaji kula mapema. Atakubadilishia meza hapo hapo kama nafasi ipo. Ukingoja siku ya tatu, meza zimeshakaa na watu wake.

Na jambo ambalo wageni wetu hawalijui: wapishi na wahudumu wengi wanatoka India, Ufilipino na Indonesia. Jikoni daima kuna chakula cha Kihindi kinachopikwa, ama kwa wafanyakazi ama kwa wageni walioomba. Mwambie mkuu wa ukumbi usiku mmoja kabla: kesho tunaomba dengu, mboga za masala na mkate wa Kihindi. Kitakuja, na kitakuja kizuri, kwa sababu anayekipika anakipika kama cha kwao. Nimewaona wageni wa Zanzibar na Nairobi wakila hivyo wiki nzima bila kulipa senti ya ziada.

Dada_wa_Ngamiani

Shikamoo mjomba Bahari! Hilo la dengu limenitoa machozi, mama yangu dengu na chapati ndiyo kila kitu. Awamu ya mapema basi, nimeshaamua. Swali moja: hakuna ubaya wa kuagiza vitu viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa? Baba hawezi kula sahani kubwa.

Bahari_Kilindini

Marahaba. Hakuna ubaya. Aagize vianzio viwili na asiguse chakula kikuu, au aombe chakula kikuu kwa kipimo cha kianzio. Tulikuwa tunapata oda hizo kila siku. Mkate wa mezani ndio umwangalie, unaletwa mwanzo na mwenye njaa anaumaliza kabla supu haijafika.

Bint_Maskati

Salaam kutoka Maskati. Kwa upande wa halali naomba nisikuache na matumaini ya hewa. Kwenye meli za Kimarekani kwa kawaida nyama ya ukumbini si ya kuchinjwa kihalali, na ukiwauliza wahudumu wengine watakuambia ndiyo kwa kutaka kukufurahisha. Piga simu kwa kampuni kabla ya kulipa, omba jibu kwa maandishi. Wengi wana milo ya kosha (inayofuata sheria za chakula za Kiyahudi) ya kuagiza mapema, inakuja imefungwa. Je, mama ataila? Hilo ni la kumwuliza yeye na anayemfuata katika dini, mimi simfungi.

Nilivyofanya mimi Mediterania: samaki, mayai, mboga na vyakula vya Kihindi visivyo na nyama, siku 7, na nilishiba. Kuna mitego miwili. Sosi nyingi za Kifaransa zina mvinyo hata za samaki, kwa hiyo sema samaki bila sosi, ndimu pembeni. Na vitamu vinavyotikisika sahanini mara nyingi vina jelatini, uliza imetokana na mnyama gani. Kila usiku mhudumu wetu alituletea menyu ya kesho tukaweka alama, na jiko likajua. Njia hiyo ni bora kuliko kuuliza chakula kikiwa kimeshafika.

Kama wazee wangekuwa huku Ghuba ningekuambia meli ya AROYA ya Saudia, iliyoanza safari kutoka Jeddah Desemba 2024. Meli nzima haina pombe na nyama huulizi. Mama angekula kondoo kwa amani. Lakini kutoka Houston ni mbali, najua.

Mkazi_Southampton

Naongeza kwa ajili ya wengine watakaosoma, maana kwa Galveston haikuhusu. Meli ya Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, usiku 7 kutoka hapa Southampton hadi New York. Kule ukumbi unaokula unafuata chumba ulicholipia: wengi wetu Britannia, waliolipa zaidi Princess Grill na Queens Grill. Nimekula Britannia tu. Ni chakula cha Kiingereza kilichotulia, si cha kusisimua, lakini kinafika moto na hakuna anayekuharakisha. Chai ya alasiri yenye skonzi ndiyo iliyonifanya nirudi. Mtu asiyependa suti akumbuke kuwa usiku wa gala mavazi ni rasmi kweli.

Mjomba_Dallas

Naona tumeiacha mada ya usafi, na ukiwa na mgonjwa wa sukari tumbo la kuendesha si mchezo. Meli zote zinazotia nanga Marekani zikitoka nchi za nje zinakaguliwa usafi bila taarifa na CDC, idara ya Marekani ya kuzuia magonjwa, na alama zao zinawekwa wazi kwenye mtandao. Jumla ni 100, ukipata 85 au chini umefeli. Andika jina la meli, si la kampuni tu, maana meli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Mimi huangalia kaguzi tatu za mwisho kabla sijalipa.

Na nakubaliana na Nuru kwa jambo moja: Celebrity chakula chao ni kizuri zaidi. Nauli ya ndege ya watu 3 hadi Fort Lauderdale ndiyo inayonifanya nibaki Galveston.

Nuru_Toronto

Kwa wazee wawili na sindano moja, mimi pia ningebaki Galveston. Kuruka, kulala hoteli, kisha kupanda meli, ni siku nzima ya mzee kula ovyo. Kati ya Royal na Carnival chukua ile itakayokuthibitishia kwa maandishi awamu ya mapema na meza ileile kila usiku. Usikubali ule mpango wa kula muda wowote. Unasikika vizuri, lakini kila usiku unapata mhudumu mwingine na kila usiku unaanza upya kumweleza habari za sukari na nyama. Mhudumu mmoja akishawajua wazee, usiku wa tatu anakuja na samaki bila sosi kabla hamjasema.

Na siku za bandarini ukumbi kwa kawaida haufunguliwi mchana, ni siku za baharini tu. Mchana huo itabidi bufe. Nenda wewe ukawachukulie, wao wakae mezani.

Dada_wa_Ngamiani

Hili la mchana sikulijua, ahsante sana. Mama nitamwekea kiti, sahani nitabeba mimi.

Leo nimepiga simu kampuni zote mbili za Galveston. Kampuni ya kwanza walinipitisha kwa watu watatu na hakuna aliyejua nyama inatoka wapi. Ya pili, dada mmoja aliniambia wazi kuwa nyama halali hawana, akaniandikia kwa barua pepe kuwa samaki na chakula cha Kihindi kisicho na nyama kitapatikana kila usiku nikimwambia mkuu wa ukumbi siku moja kabla, na akanipa awamu ya mapema, meza ya watu 3. Nimechukua hiyo ya pili. Alama zake za ukaguzi nimeziangalia, ziko juu ya 90 zote tatu.

Mjomba Bahari, nimwambie nini huyo mkuu wa ukumbi siku ya kwanza, na nimpe bahashishi hapo hapo au mwisho?

Bahari_Kilindini

Mpe karatasi, mwanangu, maneno yanasahaulika kwenye siku ile yenye watu elfu kadhaa. Andika: namba ya chumba, namba ya meza, kisukari, chakula kifike ndani ya dakika 15 za kuketi, hakuna nyama wala mvinyo kwenye sosi, dengu siku ya pili. Nakala moja mpe mhudumu wako. Bahashishi ya kila siku inakatwa kwenye akaunti yenu, lakini ya mkononi kwa mhudumu mpe nusu usiku wa pili na nusu usiku wa mwisho.

Na mtaje mama kwa jina. Wahudumu wa Kifilipino wakishajua jina la mama wa mtu, hawamwiti tena vingine wiki nzima.