Nywele za pembeni zimeisha: minoksidili, mafuta ya mnyonyo, sindano au kupandikiza?

Mama Nasra
Habari za leo wadau. Nywele zangu za kwenye paji na juu ya masikio zimekwisha, paji limerudi nyuma kama vidole viwili. Nywele ni za dawa ya kulainisha, juu yake nasuka rasta ndogondogo, mara nyingine navaa wigi la gundi. Siwashwi wala sina mba. Mstari wa mbele kabisa zimebaki nywele fupi laini. Nimetajiwa minoksidili (dawa ya kupaka ya kuotesha nywele), mafuta ya mnyonyo, sindano za damu yangu mwenyewe, na kupandikiza kule Uturuki. Ipi inafaa, ipi ni kutupa pesa?

Mfamasia wa Mtaa
Mama Nasra, aina ya tatizo ndiyo inayochagua dawa. Hizo nywele fupi zilizobaki mbele ni dalili kubwa ya nywele zilizovutwa na msuko: zilikuwa fupi mno kushikwa na rasta, ndiyo maana zimepona. Sasa simama karibu na dirisha mchana, mtu akumulike kwa tochi ya simu. Ukiona vitundu vya vinyweleo, mzizi bado uko hai na una nafasi nzuri. Ngozi ikiwa inang'aa, haina vitundu kabisa, hapo pameshaweka kovu na hakuna dawa ya kupaka itakayootesha kitu.

Fundi Msusi
Na kabla ya chupa yoyote, acha kuvuta. Ukipaka dawa huku rasta zimekaza unajaza maji pakacha. Msuko unaokunyima usingizi, au unaoleta vipele vyeupe kwenye mashina, umeshaumiza mzizi. Fumua siku hiyohiyo, maana kumwagia maji ya moto hakulegezi kitu. Ukirudi kusuka, mwambie msusi aache nje nywele za ukingoni upana wa kidole, asuke mistari minene, rasta fupi, zisizidi wiki sita hadi nane kichwani. Nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha zipumzike angalau wiki mbili kabla ya kusukwa, kwa sababu dawa inaudhoofisha unywele na rasta inamalizia. Wigi livaliwe bila gundi, ndani yake kofia ya satini. Kubana kwa mpira mkali nyumbani nako ni kuvuta kulekule.

Babu Tiba
Mimi nasema mafuta ya mnyonyo tu, matone machache kila usiku na kusugua sana. Ukingo unarudi.

Mfamasia wa Mtaa
Babu, kwa heshima zote: mafuta ya mnyonyo yanalainisha unywele na kupunguza kukatika, lakini haijathibitishwa kwamba yanaotesha. Kusugua sana mahali palipochoka kunang'oa hata hizo chache zilizobaki. Apake kidogo, kwa ncha za vidole, bila kukwaruza.

Minoksidili ina ushahidi mkubwa zaidi kwenye upara wa kurithi. Kwa nywele zilizovutwa inatumika kama msaada, nayo inafanya kazi pale mzizi ulipo hai. Mwanamke hutumia povu la asilimia 5, nusu kifuniko mara moja kwa siku, au maji ya asilimia 2, mililita 1 asubuhi na jioni. Inapakwa kwenye ngozi kavu, siyo juu ya nywele. Nawa mikono, kisha subiri muda wa saa mbili hadi nne kabla ya kulala; ikihamia kwenye mto inaweza kuotesha ndevu shavuni. Wiki za mwanzo nywele hupukutika zaidi, na hapo ndipo wengi wanapoitupa. Pima matokeo baada ya miezi minne hadi sita. Maji yakikuwasha, mara nyingi ni kwa sababu ya propilini glaikoli, kiyeyushi kinachochanganywa na dawa. Hamia kwenye povu, ambalo kwa kawaida halina kitu hicho.

Mama Nasra
Asanteni sana. Nilisahau kusema: nanyonyesha, mtoto ana miezi minne. Na nikichana, nywele zinatoka kichwa kizima.

Mfamasia wa Mtaa
Basi minoksidili isubiri hadi umwachishe mtoto, au daktari aamue vinginevyo. Huko kupukutika kwa kichwa kizima ni jambo la pili: baada ya kujifungua nywele nyingi hupumzika kwa pamoja, huanza kutoka kati ya mwezi wa pili na wa nne, na kwa kawaida hutulia zenyewe kabla ya mwaka. Omba vipimo vya wingi wa damu, feritini (akiba ya madini ya chuma mwilini) na tezi ya shingo.

Kijana Utosi
Na sisi wanaume, upara unaoanzia utosini?

Daktari Ngozi
Minoksidili ya asilimia 5, mililita 1 mara mbili kwa siku, pamoja na kidonge cha finasteridi miligramu 1 kwa maelekezo ya daktari. Finasteridi inaweza kupunguza hamu ya tendo, na inashusha kipimo cha damu cha tezi dume (PSA) karibu nusu, kwa hiyo mtajie daktari dawa hiyo kabla ya kupimwa. Mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika. Ukiacha dawa hizi, nywele zilizorudi zitaondoka tena.

Mama Nasra, sindano za damu zina ushahidi mdogo kwa tatizo lako, na hufanywa mara tatu au nne, mwezi mmoja mmoja. Tunza pesa hiyo. Kupandikiza ni kwa ukingo ulioweka kovu, tena baada ya mwaka mzima bila kuvuta. Mzizi wa nywele zetu umejipinda chini ya ngozi, daktari asiyeuzoea anaukata wakati wa kuutoa. Na kama kovu lako huwa linavimba, usithubutu.

Jambo moja usilipuuze: ukiona utosi nao unapungua, ukiwaka moto au kuuma ukiguswa, huenda huo ni uvimbe wa ndani unaoua mizizi kuanzia katikati kwenda nje. Unahitaji kipande cha ngozi cha milimita 4 kipimwe, na tiba ya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) mapema. Hospitali ya KCMC Moshi pana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na Muhimbili wapo madaktari. Siku ya kwenda fumua nywele zote, usipake mafuta, na ubebe kila chupa uliyowahi kutumia, hata isiyo na lebo.