Nataka kumpeleka renji (uwanja wa kupigia shabaha) mshikaji wangu asiyeona, ushauri wakuu

Habari zenu wakuu. Niko Dallas, nina mshikaji wangu tumetoka naye mbali toka Moshi, macho yake yalianza kuzingua ukubwani na sasa anaona mwanga na vivuli tu. Bethidei yake inakaribia nikamuuliza mzee unataka nini, akasema nataka kupiga bunduki. Nikacheka, yeye hakucheka. Mi renji huwa naenda, ninayo bunduki ya risasi ndogo, .22 ya boliti (unakoki kwa mkono kila risasi), wife anasema nimerogwa. Sasa kisheria inaruhusiwa? Na namwelekezaje bila mimi ndo niwe napiga? Maana kashanionya, ukinishika mikono kama mtoto narudi kwenye gari.

Mzee wa Chumbageni: Jamani Marekani! Huku Bongo macho mazima tu kibali cha silaha unasotea. Mnunulie keki.

Baharia wa Houston: Mzee tulia, hiyo ni Texas, tangu 2007 asiyeona anaruhusiwa hata kuwinda kwa taa ya leza mradi awe na anayeona pembeni. Sheria ya taifa nayo haimkatazi mtu silaha kisa macho. Kinachokataza ni viza! Kama yuko kwa viza ya masomo au ya kutembea hatakiwi kushika bunduki wala risasi, hata za kukodi, labda awe na leseni ya uwindaji. Mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) hana shida. Halafu piga simu renji kabla, waambie ukweli wote, usiende kuwashtukiza pale kaunta.

Bi Shabaha: Mbona wenzenu wasioona wana mchezo wao kabisa wa kulenga, Uingereza na Ujerumani upo. Bunduki ya upepo, mita 10, juu yake kuna kifaa kinasoma mwanga wa shabaha na kumpigia sauti kwenye hedifoni, akikaribia katikati sauti inapanda inakuwa nyembamba, triga anavuta mwenyewe. Wewe huna hicho kifaa basi mdomo wako ndo kifaa. Weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, mtutu uangalie mbele muda wote, risasi moja moja. Kubalianeni maneno mapema, "kushoto kidogo", "shuka", "hapo hapo", na la kusimamisha liwe moja tu, pamoja na kumgusa bega maana jirani akifyatua bastola kubwa hatakusikia. Nyumbani mpe bunduki tupu aipapase, ajue sefti (kizuizi cha triga) iko wapi na kitako kinakaaje begani. Na masikio mkuu!! Huyo masikio ndo anatembelea. Sponji ndani ya masikio, juu yake zile hedifoni za umeme zinazokata mlio zinaacha maneno. Nendeni renji ya nje, ya ndani mlio unagonga kuta.

Baharia wa Houston: Na shati lenye kola ya kubana, ganda la risasi la jirani, bado la moto, likimwingia kifuani ataruka na bunduki mkononi.

Mleta mada: Green card anayo. Renji wamekubali, wamesema tuje katikati ya wiki asubuhi msimamizi atakaa na sisi. Sasa jamaa ananiuliza, atajuaje kama kapata? Hataki nimwambie mimi, anasema nitamdanganya kumfurahisha.

Bi Shabaha: Achaneni na shabaha za karatasi. Waulize kama wana bamba la chuma la .22, akipata linalia tiiing anasikia mwenyewe.

Mzee wa Chumbageni: Haya hiyo tiiing mtuwekee video.