Wenye nyumba za kupangisha Matema: mkishapokea advansi, bei mnaipandishaje?

Wakuu, habari za muda huu. Nimekasirika na sitazunguka.

Huu mchezo wa nyumba za kupangisha kwa siku pale Matema, Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, umezidi. Unapiga simu mapema kabla ya Mwaka Mpya, unaambiwa nyumba ya vyumba viwili na jiko ni elfu themanini kwa usiku. Unatuma nusu ya hela kwa simu. Unajibiwa "nimeipata, karibuni sana". Unajua umemaliza. Kumbe bei yenyewe utaambiwa getini.

Sisi tulifika giza limeshaingia, watoto wamelala kwenye gari. Msimamizi hata geti hajafungua, anaanza: "Kaka, bosi amesema sasa hivi ni laki moja na nusu. Ni sikukuu." Nikamwonyesha meseji za bosi wake. Akaziangalia, akasema, "Mimi nimetumwa tu, kaka." Nikampigia mwenye nyumba. Akanijibu kwamba kuna wageni kutoka Dar wako tayari kutoa hiyo hela, kama sitaki atanirudishia advansi yangu kesho kutwa. Kesho kutwa! Saa mbili usiku, tarehe 30 Desemba, Matema nzima imejaa, na familia niipeleke wapi? Yeye analijua hilo vizuri, ndiyo maana hakunipigia simu nikiwa bado Mbeya. Nililipa. Kuomba risiti, mashine mbovu.

Asije mtu hapa kuniambia biashara ni msimu. Msimu naujua. Juni na Julai baridi ya Uyole na Isongole inatutoa nyumbani, tunateremka Kyela kutafuta joto: Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ziwa halifiki hata mita 500. Shule nazo zimefungwa. Desemba wanakuja mpaka ndugu waliotawanyika mikoani. Nyumba zenyewe za kuhesabika, watu wengi, bei lazima ipande. Halafu mwenye nyumba anamlipa mlinzi mwaka mzima, hata ile miezi ambayo hakuna anayelala. Hilo silipingi hata kidogo. Angeniambia laki moja na nusu tangu siku ya kwanza, ningepiga hesabu zangu, nikakubali au nikabaki kwangu.

Na kama kweli ni msimu, mbona bei haishuki? Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Kyela wakati huo mvua haina mchezo, mito ya Lufilyo na Mbaka inamwaga tope ziwani, maji ya ufukweni yanageuka rangi ya udongo, umeme unakatika. Unakaa barazani unaangalia mvua. Zanzibar masika yakianza, hoteli nyingi zinashusha bei na nyingine zinafunga kabisa mpaka Juni. Matema unapigwa bei ya sikukuu, na ukiuliza Mei, nyumba iko tupu, unaambiwa "bei ni ileile bosi". Sasa huo ni msimu gani wa kupanda tu?

Madalali ndio usiseme. Anakupa namba, anaweka cha juu chake, mambo yakiharibika simu haipatikani.

Kinachoniuma zaidi ni watu wa pale. Tulipanga kwenda Ikombe kwa mtumbwi tukaone Wakisi wanavyofinyanga vyungu, tununue na viwili vitatu. Kijana wa mtumbwi alikuja asubuhi kama tulivyokubaliana, na bei yake ileile ya kwenye simu. Tukamwambia hela imeishia kwenye nyumba. Akainama, akachukua kafi lake, akaondoka. Yeye kashika neno lake na kakosa riziki, aliyegeuka ndiye aliyekula.

Kwa wanaodhani hili ni jambo la kuvumilia: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Meseji za makubaliano na muamala wa simu ni ushahidi, msizifute. Mimi zangu ninazo zote.

Mliowahi kukutana na hili, iwe Desemba, Pasaka au Saba Saba, wekeni hapa mlivyofanyiwa. Na kama kuna mwenye nyumba Matema anayeshika bei aliyoitaja, semeni pia, tumpelekee wageni.

Wenye nyumba najua mmo humu na mnasoma. Msinijibu habari za gharama. Nijibuni hili moja: mtu katuma nusu ya hela, umeipokea, umemwambia karibu. Kama kesho yake kaja mwenye hela zaidi, kwa nini usimpigie simu yule wa kwanza akiwa bado kwake?