Kicheza muziki cha kwenda nacho kambini Ukerewe: kipi kinafaa, na nyimbo zinaingizwaje?

Mdau wa Igoma

Wakuu, habari za jioni. Namtafutia mzee kicheza muziki kidogo cha kwenda nacho kambini, visiwa vya Ukerewe. Huko chaji ni ya sola na si ya kutegemea. Anapenda kwaya, rhumba za zamani na mahubiri. Macho yamepungua nguvu, kwa hiyo viwe vitufe vya kubonyeza, kioo cha kugusa hapana. Bajeti isizidi elfu sitini.

Pale Makoroboi, Mwanza, vimejaa, vingine vimeandikwa "512 GB" kwa bei ya kutupa. Nikague nini kabla sijatoa hela? Halafu kuna kimoja cha kuazima hapa, ukikichomeka kwenye kompyuta kinapokea chaji tu, kompyuta haikioni kabisa. Shida iko wapi?

Fundi Nyakato

Nianze na hilo la mwisho maana ni jepesi: waya. Waya nyingi za USB za barabarani zina nyuzi mbili tu ndani, za umeme. Nyuzi mbili za data hazimo, ndiyo maana chaji inaingia na kompyuta haioni kitu. Tafuta waya mwingine kabla hujalaumu kifaa. Ukibadilisha na bado kimya, ingia kwenye mipangilio ya kifaa, sehemu ya USB. Ukikuta MSC na MTP, njia mbili za kifaa kuongea na kompyuta, chagua MSC. Hapo kifaa kinaonekana kama flashi kwenye kompyuta yoyote. MTP inasumbua hasa kwenye Mac.

Sasa kununua. Usihangaike na urembo, angalia tundu la memori kadi na betri inayotoka. Chenye hifadhi ya ndani tu, hifadhi ikifa na chenyewe kimekufa. Betri nzuri kwa mazingira ya visiwani ni BL-5C, ile ya simu za Nokia za vitufe, maana vibanda vingi vya simu wanayo. Ya kweli ni volti 3.7 na uwezo wa mAh 1000 hivi. Ukikuta BL-5C imeandikwa mAh 3000, irudishe mezani. Kiwiliwili kile hakiwezi kubeba umeme wote huo. Kagua pia tundu la hedifoni la milimita 3.5 na swichi ya kufunga vitufe, la sivyo kitajiwasha mfukoni na mzee ataamka betri imekwisha.

Kuhusu hizo 512: chipu ya ndani huwa GB 8 au 16, ila imepangwa iidanganye kompyuta. Utakopi nyimbo bila kosa lolote. Ukipita ukomo wa kweli, data mpya inapotea au inafuta ya mwanzo. Majina ya nyimbo yote utayaona, ukicheza unapata kimya au mikwaruzo. Dawa ni kuipima ikiwa bado tupu: H2testw kwenye Windows, F3 kwenye Linux na Mac. Programu inaijaza kadi yote kisha inaisoma upya. Kadi ya GB 32 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa nzima kuandika, bado kusoma. Muuzaji anayekataa kukubadilishia kadi iliyofeli kipimo, kadi zake unazijua tayari.

Nunua GB 32, usipande zaidi. Kadi za GB 64 kwenda juu hutoka kiwandani na mfumo wa exFAT, na vicheza vingi vya bei nafuu vinaelewa FAT32 tu. Utaambiwa "no card" na kadi ni nzima.

Ng'wana Busega

Mnajichosha bure. Mnunulieni mzee kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe. Kina tochi, redio, tundu la memori kadi, BL-5C hiyo hiyo, na akitaka kupiga simu anapiga. Vitufe vikubwa. Elfu sitini inabaki na chenji ya kadi mbili.

Fundi Nyakato

Mkuu, sikatai, kwa mahubiri na kwaya kinatosha kabisa. Ila kabla ya kununua jaribu mambo matatu hapo hapo dukani. Kwanza, weka kadi yenye nyimbo nyingi uone kinazisoma kwa muda gani. Vingine vinaganda, vingine vinaorodhesha sehemu tu ya nyimbo. Pili, angalia kama kinacheza kwa folda au kinamwaga nyimbo zote kwenye orodha moja. Kwa mzee asiyeona vizuri, orodha moja ya nyimbo elfu mbili ni adhabu. Tatu, redio: vingi havishiki stesheni bila waya wa hedifoni, kwa sababu huo waya ndio antena.

Na chaji, maana ndiyo roho ya kambini. Taa za sola zenye tundu la USB zinatosha. Pawabenki nyingi hujizima zikichaji kifaa kidogo, zinadhani hakuna kitu kimechomekwa kwa sababu umeme unaovutwa ni mdogo mno. Chomeka simu pamoja nacho, itabaki imewaka. Betri ya volti 12 ya taa za dagaa isiunganishwe moja kwa moja hata kwa dakika. Weka chaja ya gari katikati ishushe mpaka volti 5.

Maji: mfuko wa nailoni wa kubana mdomo unatosha kwenye mtumbwi. Kikilowa, toa betri mara moja, usikiwashe "kuona kama kinafanya kazi". Maji ya ziwa hayana chumvi kama ya Dar, kwa hiyo kikikaushwa vizuri kivulini kwa siku mbili tatu mara nyingi kinaamka.

Kwaya Kirumba

Mmeongea vifaa, hakuna aliyegusa nyimbo zenyewe, na huko ndiko watu wanakwama.

Kabla ya yote, nyimbo ulizopakua ndani ya Spotify au Apple Music kwa kulipia mwezi hazitoki. Zimefungwa zichezwe ndani ya programu hiyo tu, hata ukizipata kwenye folda. Unachohitaji ni faili lako: CD uliyonunua, au wimbo ulionunuliwa ukapakuliwa kama faili. Zilizonunuliwa iTunes hazina kufuli tangu 2009, lakini ni M4A, aina nyingine ya faili tofauti na MP3, na vicheza vya bei nafuu mara nyingi havisomi M4A. Kubadilisha jina kutoka .m4a kuwa .mp3 hakusaidii chochote. Zigeuze kwa programu ya fre:ac, ni ya bure, na CD inasoma pia.

Kiwango, yaani wingi wa data kwa kila sekunde ya sauti: muziki MP3 kbps 192, kasi isiyobadilika. Dakika moja ni MB 1.44, wimbo wa dakika tano MB 7.2, kwa hiyo GB 32 inabeba nyimbo zaidi ya 4,000. Mahubiri weka kbps 64 mono, saa nzima haifiki MB 30. Kugeuza faili la 128 kuwa 320 ni kulinenepesha tu, sauti iliyokwisha potea hairudi. Na epuka kasi inayobadilika, VBR, kwenye vifaa hivi. Huonyesha dakika za uongo na kupeleka wimbo mbele kunaruka ovyo.

Sauti zikipishana, kwaya iko chini halafu rhumba inakupasua masikio, pitisha zote kwenye programu ya MP3Gain, lengo la ukubwa wa sauti dB 89. Haigusi ubora wa faili, inarekebisha kipimo cha sauti tu.

Mdau wa Igoma

Asanteni sana. Dada Kwaya, nyongeza mbili. Kadi iliyowekwa nyimbo kwenye kibanda inacheza bila mpangilio, wa kumi kabla ya wa pili. Na sasa mafolda yamegeuka alama za njia ya mkato, hayafunguki. Nyimbo zimefutika?

Kwaya Kirumba

Hazijafutika, kaka. Hicho ni kirusi cha kompyuta ya kibandani. Kinaficha mafolda halisi na kuweka njia za mkato bandia mahali pake. Usibofye hata moja. Chomeka kadi kwenye kompyuta yenye kinga, uipitishe kwanza, kisha fungua Command Prompt uandike (kama kadi yako ni E):

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafolda yatarudi. Kopi nyimbo pembeni, nyimbo tu, kisha fomati kadi FAT32. Usiache faili lolote lenye mwisho wa .exe, .vbs au .lnk.

Mpangilio una sababu mbili. Kifaa kinachopanga kwa jina huweka "10" kabla ya "2", kwa hiyo andika 001, 002, 003 mwanzoni mwa jina. Vingine havipangi kwa jina kabisa, vinafuata mfuatano ambao mafaili yaliandikwa kwenye kadi. Kwa hivyo, baada ya kufomati, kopi folda moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa imeshapangwa kwa namba. Linux ina FatSort, inapanga bila kukopi upya.

Ukiona nyimbo zinaitwa "Unknown" au herufi za ajabu, tatizo ni tagi, yaani maandishi ya jina la wimbo na mwimbaji yaliyo ndani ya faili. Fungua programu ya Mp3tag, chagua zote, hifadhi kama ID3v2.3 UTF-16. Picha za jalada zitoe zote, kioo kile kidogo hakizihitaji na zinachelewesha kifaa kuwaka. Kwa mzee, mafolda matano sita yanatosha: KWAYA, RHUMBA, MAHUBIRI na kadhalika, yasiingizwe folda ndani ya folda. Ukimaliza, toa kadi kwa "Eject" usubiri ruhusa. Ukichomoa wakati bado inaandika, wimbo wa mwisho unakatika, au folda zima halionekani tena.