Gego lina ufa: krauni, kutibu mzizi au kung'oa?

Subira: Habari zenu wapendwa. Huu mwezi wa tatu gego langu la chini kushoto linanisumbua. Nikiuma, sina shida. Nikiachia ndipo mchomo unapita kama sindano. Maji baridi nayo yananishtua. Eksirei nimepigwa mara mbili, haionyeshi kitu. Daktari wa kwanza alisema jino ni zima. Wa pili anasema lina ufa, nivishwe krauni, yaani kofia ya kufunika jino. Wa tatu anataka kutibu mzizi kwanza, yaani kuitoa neva iliyo ndani ya jino. Kaka yangu ananiambia ling'olewe yaishe. Mliopitia haya, mlichagua nini?

Mzee Kombo: Pole sana binti yangu. Mimi nilivishwa krauni tu, huu mwaka wa nne, na jino limetulia. Ila langu likishtuka kwa baridi lilitulia papo hapo. Lako je?

Subira: Sekunde chache tu, mzee wangu. Usiku nalala vizuri.

Bahati: Dada, usiogope kutibiwa mzizi, ogopa kuishia njiani. Mimi neva ilitolewa, maumivu yakaisha, nikaona krauni inaweza kusubiri. Miezi saba baadaye gego likapasuka vipande viwili nikiwa natafuna. Likang'olewa. Bado inaniuma moyoni, kwa sababu jino lile lilikuwa la kupona.

Tabibu wa Kinywa: Mimi ni daktari wa meno. Jino lako sijaliona, kwa hiyo naeleza tu tunavyolipima.

Eksirei safi haimaanishi jino zima. Nyufa nyingi za magego hutoka mbele ya jino kwenda nyuma, na mionzi hutoka upande wa shavu. Inaupiga ufa ubapa, picha haipati mstari wowote. Dalili yako ya kuachia ina uzito kuliko picha hiyo. Ukiuma, vipande huachana kidogo sana. Ukiachia, hurudiana ghafla na kusukuma majimaji ndani ya dentini, tabaka lililo chini ya ganda gumu la jino, na neva ndiyo inayolia.

Omba upimwe hivi. Ung'ate kijiti cha plastiki kikiwa juu ya kila ncha ya gego, moja moja, hadi yenye ufa ijulikane. Kisha taa kali imulike ubavu wa jino: mwanga hukatika kwenye ufa na ng'ambo yake hubaki giza. Kama kuna kijazo cha zamani, yaani jino liliwahi kuzibwa, huenda kikatolewa, kwani ufa hupenda kujificha chini yake. Halafu fizi ipimwe kuzunguka jino lote. Kipimo kikizama ghafla mahali pamoja pembamba, ilhali kwingine fizi imeshika, inawezekana sana ufa umeshuka kwenye mzizi, na hapo krauni mara nyingi haiokoi kitu.

Baridi ikipita haraka, mimi huanza na pete ya chuma ya kulibana jino au krauni ya muda, nione wiki kadhaa. Jino likitulia, krauni ya kudumu inatosha. Baridi ikidumu nusu dakika, au jino likiuma lenyewe usiku, neva haitapona. Mzizi utibiwe kwanza. Hata hivyo, watafiti Krell na Rivera mwaka 2007 waliona kwamba katika meno yenye dalili kama zako yaliyovishwa krauni, takriban moja kati ya matano lilihitaji kutibiwa mzizi ndani ya miezi sita. Krauni si ahadi. Kung'oa ni pale vipande vinapocheza kila kimoja peke yake, au ufa umekata sakafu ya chumba cha neva ndani ya jino.

Rehema: Samahani daktari, nina mistari myembamba kwenye meno ya mbele. Haiumi. Ndiyo hiyo hiyo?

Tabibu wa Kinywa: Hapana dada. Hiyo mara nyingi iko kwenye enameli tu, ganda gumu la nje. Iache. Ukiwa unasaga meno usingizini, tafuta kinga ya usiku, kifuniko cha kuvaa juu ya meno ukilala.

Mzee Kombo: Nami naivaa kila usiku tangu krauni iwekwe. Usiache, Subira.

Subira: Nimerudi kwa yule daktari wa pili na orodha hiyo. Ncha ya nyuma, upande wa ulimi, ndiyo iliyochoma. Mwanga wa taa umekatika hapo hapo. Fizi imeshika pande zote. Nimefungwa pete ya chuma leo mchana, natafunia kulia, na nitapimwa tena baada ya wiki tatu. Kaka nimemwambia asubiri.

Bahati: Afadhali! Baridi ikianza kudumu, usingoje hizo wiki tatu.