Kupima spidi kunagoma kwenye laptopu tu, simu inapima fresh

Wakuu habarini. Laptopu yangu ya Windows 11 nikifungua Speedtest ukurasa unafunguka vizuri tu, seva inapatikana, ping (muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi) inatoka, ila ikifika kwenye kudaunlodi mshale unakaa sifuri weee mpaka inaleta ujumbe wa kukosea. Simu kwenye waifai hiyohiyo haina shida. Nimeshazima na kuwasha ruta mpaka nimechoka.

JIBU 1
Achana na ruta mkuu, simu imeshakujibu. Anza na dirisha la faragha au brauza nyingine, maana vizuia matangazo navyo huwa vinaharibu hivi vipimo. Kisha cheki faiawoli (kinga inayochuja data inayoingia na kutoka), seva nyingi za Speedtest zinatumia poti 8080 (mlango wa kupitishia data) na kuna faiawoli zinaipiga pini.

JIBU 2
Poti ingekuwa imefungwa hata hiyo ping asingeiona. Hapa vipande vidogo vya data vinapita, vikubwa vinakwama, mi nahisi kuna kitu kinachungulia data katikati, antivairasi au mabaki ya VPN (programu ya kupitisha intaneti yako kwenye seva nyingine). Ingia setingi za mtandao sehemu ya proksi (kipitishio cha kati cha data), ukikuta 127.0.0.1 (yaani laptopu yenyewe) imewashwa na hujaiweka wewe, izime. Halafu andika ncpa.cpl kwenye Run, bofya kulia adapta ya waifai, Properties, uangalie hiyo orodha yenye tiki kama kuna jina la programu ambalo si la Windows.

MWENYE SWALI
Duh! Proksi ilikuwa imezimwa ila kwenye ile orodha nimekuta kichujio cha antivairasi niliyoifuta zamani hata nilishaisahau, nimetoa tiki, nikarestati, sasa inapima. Ila bado naona kama laptopu inadaunlodi taratibu kuliko simu wakati kuaplodi zinalingana.

JIBU 2
Uliwahi kuweka zile programu za "kuongeza kasi ya intaneti"? Fungua CMD (dirisha la kuandikia amri) kama admin uandike netsh int tcp show global, soma mstari wa Auto-Tuning (Windows kujipangia yenyewe kiasi cha data ya kupokea kwa mkupuo). Ukikuta disabled andika netsh int tcp set global autotuninglevel=normal

MWENYE SWALI
Ilikuwa disabled kweli 😅 na hiyo programu niliiweka mwenyewe. Sasa zinakaribiana na simu. Shukrani sana mkuu.

JIBU 1
Hiyo antivairasi ina kifutio chake maalumu kwenye tovuti yao, kitumie, maana kutoa tiki tu hakuiondoi.