Nimefukuzwa na tovuti ya wauza majokofu, na bado nimewapa nyota 5!

Wakuu, salaam.

Naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa hiyo mtanivumilia. Wale wauza majokofu, ambao hapana haja ya kuwataja kwa kuwa matangazo yao yanatupigia kelele katika kila daladala, wana tovuti. Naiita tovuti kwa heshima tu. Jokofu langu lilikata roho jana usiku likiwa na kilo 4 za vibua, nikajiuliza kwa nini nihangaike na jua la Kariakoo ilhali tangazo lao linasema mteja hununua akiwa amekaa kwenye kochi lake. Nikakaa kwenye kochi langu.

Ukurasa ulichukua muda ambao maharage yangeiva. Ikatangulia video ya wimbo wa kampuni, ikajicheza yenyewe kwa sauti iliyomwamsha mtoto na kulila bando langu. Likafuata dirisha la kuniomba barua pepe, kisha jingine la kuniomba nikubali arifa, na nyuma ya madirisha hayo, kwa mbali, kona ya jokofu. Penye bei pameandikwa "Wasiliana nasi." Sasa hapo nilipokuwa nilikuwa nafanya nini?

Ili niulize bei, nikatakiwa kufungua akaunti, na ili nifungue akaunti, nikatakiwa kuandika namba ya NIDA. Ndugu zangu, namba ile ina tarakimu 20. Niliziandika mojamoja, kitambulisho nimekiegemeza kwenye kikombe cha chai, nikabonyeza "Endelea", nikajibiwa: "Muda wako umekwisha. Anza upya." Nikaanza upya. Nilipofika tarakimu ya 17, dirisha likafunika kila kitu likiuliza: "Unafurahia huduma yetu? Tupe nyota 5." Ya 17! Alama ya kulifunga ilikuwa ndogo kama punje ya ulezi. Nikaikosa, kidole kikagusa nyota. Mimi, kwa kidole changu hiki, nimewapa nyota 5 watu walioniambia kwamba muda wangu umekwisha!

Vibua vimeoza. Nimeondoka na sirudi.

Shangazi wa Tandika: Pole, mleta uzi, ingawa nimecheka hadi jirani amekuja kuuliza kulikoni. Kumbe yule mteja mmoja aliyeridhika ni wewe!

Fundi Nyaya: Niliwahi kuuchungulia ukurasa huo. Picha moja ya jokofu ina MB 7, yaani imetolewa kwenye kamera ikapandishwa hivyohivyo, wakati kwa kioo cha simu KB 150 zinatosha. Google walieleza mwaka 2016 kwamba asilimia 53 ya wanaoingia kwa simu huondoka ukurasa usipofunguka ndani ya sekunde 3. Wapunguze picha, waitoe video, waandike bei, na wamruhusu mtu anunue bila akaunti. Ni kazi ya siku mbili, na nusu ya siku ya kwanza ni ya chai.

Mleta uzi: Fundi, nakushukuru, lakini tarakimu ya 17!

Wakili wa Kijiweni: Kuuliza bei ya jokofu kunahitaji NIDA ya nini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zinazokusanywa ziendane na lengo lake. Wewe hukuwa unakopa.

Abiria Mstaafu: Afadhali wewe hukulipa. Mimi nilichagua kiti cha dirishani kwenye tovuti ya basi, nikalipa kwa simu, ujumbe wa muamala ukaingia, kisha ukurasa ukarudi mwanzo na kuonyesha kiti kimeshauzwa. Kimeuzwa kwa nani? Kwangu! Na tiketi sina.

Fundi Nyaya: Hapo tovuti haikusubiri jibu la mtandao wa simu. Ilipaswa kuandika "Tunathibitisha malipo yako" na kukutunzia kiti.

Abiria Mstaafu: Nilisafiri nimesimama, Fundi.

Kijana wa Forodhani: Ninyi mna tovuti zilizo hai. Kuna hoteli huku Unguja ambayo bei zake ni za mwaka 2019, na namba ya simu iliyoandikwa pale haikuwa yao tena siku nyingi. Nilipiga, akapokea mama mmoja wa Chake Chake anayekaanga vitumbua. Amechoka kukana, kwa hiyo siku hizi anapokea kwa kuuliza: "Chumba au vitumbua?"

Shangazi wa Tandika: Huyo tayari ana huduma bora kuliko hoteli. Anapokea simu, na bei bila shaka anaitaja.

Kijana wa Forodhani: Aliitaja kabla sijauliza. Niliagiza 20.

Mleta uzi: Jamani, na jokofu langu je?

Wakili wa Kijiweni: Kijana, tusaidie namba ya huyo mama.

Kijana wa Forodhani: Iko kwenye tovuti ya hoteli, ukurasa wa mwisho. Ikifunguka.